Tofauti Inayogawanyika kwa Tisa

Swali la nne. Chukudu ilinunuliwa kwa dola mia moja na ishirini.
Itatumika miaka mitano. Mwishoni thamani yake ni sifuri.
Tafuta uchakavu wa kila mwaka.

Kitabuni lilikuwa lori.
Mwalimu Mbusa alilifuta lori ubaoni kwa kiganja,
akasema hapa Majengo hajaona mwenye lori la kuchakaza.
Ishirini na nne, nikaandika. Dola mbili kwa mwezi.
Nikapiga mstari chini, kwa rula.

Papa alikuwa amekaa juu ya dumu,
beseni ya maji moto na chumvi mbele yake.
Akataka nimsomee. Nikamsomea.
"Sifuri? Nani kasema sifuri?
Ile ya kwanza, ya mkaratusi, ilipovunjika pale Kibati
ilitupikia maharagwe siku tatu.
Mpira wa gurudumu ndio bawaba za mlango huo.
Andika dola kumi."

Miaka yote mlango wetu haulii.
Nilidhani ni mafuta.
Nikafuta sifuri. Mia moja na kumi kwa tano:
ishirini na mbili.

Swali la tano sikupewa na mtu.
Goti la kushoto. Lilianza kazi papa akiwa na miaka kumi na sita,
kupiga magoti juu ya ubao, kutwa,
mguu wa kulia ukiisukuma barabara nyuma.
Bei ya kununulia haijulikani:
bibi alililipia kule Masisi, utungu wa siku mbili,
hakupewa risiti.
Na kisicho na risiti, asema Mwalimu Mbusa,
hakiingii kitabuni.
Basi halikuingia.
Linakandwa kwa kitambaa, limevimba, nje ya hesabu.

Nami nina kaye ya nyumba, jalada la kijani.
Kushoto kinachoingia, kulia kinachotoka.
Kaye yasema kopo la maziwa lina franga elfu sitini na nne na mia tano.
Kopo lasema elfu arobaini na sita na mia tano.
Nimelihesabu mara tatu,
pamoja na ile noti iliyogandishwa kwa gundi
ambayo hakuna muuzaji anayeitaka.
Nikamtazama Ombeni, amelala mdomo wazi.
Nikamshuku usingizini, Mungu anisamehe.

Kuna ujanja tuliofundishwa:
tofauti ikigawanyika kwa tisa, usitafute mwizi.
Tafuta tarakimu mbili zilizobadilishana viti.
Kumi na nane. Tisa mara mbili.

Nikarudi ukurasa kwa ukurasa, tochi ya simu kati ya meno.
Jumanne. Kabichi za Kibumba, za Mama Kavugho.
31, elfu.

"Papa, Jumanne Mama Kavugho alikulipa ngapi?"
Hakufikiri hata. Asiyeandika hana mahali pa kusahaulia.
"Kumi na tatu. Mvua ilinikuta njiani,
kabichi zikafika zimechubuka, akakata."
"Hukuniambia alikata."
"Nilikuambia kumi na tatu."

Ni kweli, aliniambia.
Siku ile nilikuwa na ada ya mtihani kichwani,
na mkono wangu, bila kuniuliza,
ukamlipa papa stahili yake.

Nikafuta. Nikaandika 13.
Kaye na kopo vikalingana mpaka mia ya mwisho,
na nisiseme uongo, ile raha ni raha,
kama kifungo kikipata tundu lake gizani.
Halafu nikaona:
elfu kumi na nane zimetoka nyumbani usiku huu,
nimezitoa mimi, kwa kifutio,
na hazikuwahi kuwamo.

Papa akafungua mlango usiolia,
akamwaga maji juu ya mawe meusi.
Yalinywewa papo hapo.
"Imekubali?"
"Imekubali."
"Lala basi. Kesho ni viazi."